Hakupiga Magoti, Nukta

Nililelewa kuamini kwamba mtu mwenye adabu huomba radhi kwanza, halafu ndipo huuliza amekosa nini. Nimejaribu kwa miaka. Haifai. Jaribuni kinyume chake muone mgongo unavyonyooka.

Kama wiki iliyopita ulifutia madirisha gazeti hili kabla hujanisoma, usihangaike kulitafuta kwenye ndoo ya taka. Nitakupa yaliyopita kwa pumzi moja.

Mimi ni msomaji prufu katika nyumba ya kuchapisha vitabu. Nina diploma ya lugha, nina hadithi yangu mwenyewe iliyolala miaka miwili kwenye kabati la bosi, na nina mdomo. Huo mdomo ndio chanzo cha yote. Miezi mitatu iliyopita niliubadilisha mwisho wa riwaya ya mwandishi tunayemtegemea kuliko wote, bila ruhusa yake na bila kushika kalamu. Niliubadilisha kwa sauti. Kitabu kikachapwa, wasichana wakakigombania. Na wiki iliyopita nilikuacha pale mwandishi mwenyewe alipoingia ofisini ameshika kitabu chake ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayemrudishia muuzaji samaki aliyeoza.

Wasomaji watatu wameniandikia kuuliza swali moja: mtu anabadilishaje kitabu kwa sauti?

Kwetu prufu husomwa na watu wawili. Meza moja, viti viwili vinatazamana, na katikati umesimama ubao. Upande huu, mdogo kazini anasoma kwa sauti karatasi za mwandishi. Anasoma kila kitu, hadi alama: koma, nukta, fungua usemi, funga usemi, aya mpya. Upande wa pili, mkubwa wake ameshika prufu, yaani kurasa za majaribio zilizotoka mtamboni, na kalamu nyekundu. Akisikia kitu tofauti na anachokiona, anasahihisha. Ubao ni wa kumzuia asichungulie karatasi za mwandishi, kwa sababu jicho likishalijua neno hulisoma hata kama halipo.

Kwa hiyo mshika kalamu huandika anachokisikia. Na anachokisikia ni mimi.

Mkubwa wangu tunamwita Mzee Nukta. Amekaa kwenye kiti kile miaka thelathini na sita, na alama zimemwingia damuni. Siku moja nilimsikia akiongea na mkewe kwenye simu: “Nitachelewa, koma, usiningoje, nukta.” Mkewe, inaonekana, alishazoea.

Na mwandishi ni Bibi Majini. Hivyo ndivyo wasichana wanavyomwita, naye hulipenda jina hilo. Huchukua hadithi za kale, zile tulizosimuliwa na bibi zetu, akazitia mabawa, majumba ya kioo, na mapenzi ya kumfanya msichana asisikie akiitwa na mama yake mara tatu. Kitabu hiki kilikuwa cha sita. Msichana anachumbiwa na jini. Jini anasafiri, anamwachia funguo saba za vyumba saba. Sita ingia. Cha saba usifungue.

Jini wa Bibi Majini alikuwa kijana ambaye macho yake hubadilika rangi mvua ikinyesha. Alipata barua kwa anwani yetu. Nyingi kuliko bosi.

Msichana anafungua chumba cha saba, bila shaka, na ndani anakuta sauti za wachumba wote waliomtangulia, zimezibwa kwenye chupa. Jini anarudi. Na hapo, kwenye karatasi zilizopigwa taipureta na Bibi mwenyewe, msichana anapiga magoti. Analia miguuni pake. Anaomba radhi kwa kufungua alichokatazwa. Machozi yanavunja uchawi, jini anageuka binadamu, harusi.

Nilifika kwenye neno “akapiga,” na mdomo ukagoma.

“Hakupiga magoti, nukta,” nikasoma. “Aliichukua chupa ya kwanza akang'oa kizibo, nukta. Akamtazama jini akamwuliza, nukta mbili, fungua usemi, Kama hukutaka nifungue, koma, uliniachia ufunguo wa nini, alama ya kuuliza, funga usemi.”

Nikaendelea. Mistari kumi na tisa ambayo haikuwepo popote duniani. Ng'ambo ya ubao kalamu nyekundu ilikuwa inakwaruza, mstari kwa mstari, haikusita.

Sasa turudi ofisini, kwenye ule mfuko wa plastiki.

Bibi Majini alikitoa kitabu akakiweka juu ya meza ya bosi, kimefunguliwa mwishoni.

“Huyu msichana ni nani?”

Bosi wetu ni mhariri mkuu, lakini tukiwa peke yetu ni Bwana Chapa, kwa sababu huandika CHAPA chini ya prufu haraka kuliko anavyozisoma. Alitabasamu kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki kuangalia chini.

“Ni msichana wako, Bibi. Yule wa funguo.”

“Wangu alipiga magoti. Huyu kasimama. Nauliza huyu ni nani, na kaingiaje kitabuni mwangu.”

Prufu ikaletwa. Mistari kumi na tisa kwa wino mwekundu, pembeni na kwenye kipande cha karatasi kilichogundishwa. Chini yake, kwa wino wa bluu: CHAPA, na sahihi ya bosi. Nilimwona akiiona. Akaweka kiganja juu yake taratibu, kama anayepumzisha mkono.

“Mwandiko huu ni wa nani?” Bibi akauliza.

“Wangu,” akasema Mzee Nukta.

“Umeutoa wapi huu upuuzi?”

“Nilisikia vibaya.”

“Mistari kumi na tisa?”

“Sikio langu likipotea njia, Bibi, hupotea na mizigo yote.”

Nikafungua mdomo. Kiatu cha Mzee kikatua juu ya vidole vyangu vya mguu na kikabaki hapo.

Bibi Majini akanigeukia. “Na wewe ndiye uliyekuwa unasoma.”

“Ndimi.”

“Ulisoma nini?”

“Macho ya mzee wetu, Bibi,” Bwana Chapa akadakia. “Yanamsumbua siku nyingi.”

“Yeye amesema masikio.”

“Yote mawili.”

Bibi akaupangusa mfuko wake, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba. Kitabu akakiacha.

“Jumamosi mnakutana na wasichana wasomaji ukumbini. Nitakuwepo. Nataka nielezwe mbele yao kilichotokea na aliyekifanya. Baada ya hapo nitaamua kama kitabu cha saba kinaletwa hapa au kinaenda kwa majirani zenu.”

Nyumba yetu bila Bibi Majini ni mtambo, paka na kalenda ya mwaka jana. Kila mtu chumbani alilijua hilo, paka pia.

Nilimfuata Mzee Nukta hadi chumba cha prufu.

“Mzee, hukusikia vibaya.”

“Sikusikia vibaya.”

“Ulijua?”

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. “Nimevisikiliza vitabu vyake vyote sita. Sentensi ya Bibi ni ndefu, inakuja na shangazi zake na wajomba zake. Siku ile nikasikia maneno mawili halafu nukta. Nikajua hii haijatoka kwenye taipureta.”

“Ungeweza kusema rudia.”

“Ningeweza.”

“Sasa kwa nini hukusema?”

“Nilitaka kujua itakuwaje,” akasema. “Binti, miaka thelathini na sita najua mwisho wa kila kitabu kabla hakijafika katikati. Siku ile sikuujua. Niliandika ili nisikie mstari unaofuata.”

Nikakaa kwenye kiti changu. Ubao ulikuwa katikati yetu, na sikutaka aone uso wangu.

“Watakufukuza. Umebakiza miezi minne ustaafu, na watakutoa na barua kwamba hukufaa.”

“Wataiandika, kisha wataniletea niisome prufu.”

“Nitasema ni mimi.”

“Sema. Ila usiseme kwa kunihurumia. Nimewachoka watu wanaonihurumia, nyumbani wamenijaa.”

Kesho yake Bwana Chapa akaniita. Juu ya meza yake kulikuwa na kitu nilichokifahamu kwa doa la kikombe lililokuwa kwenye jalada. Hadithi yangu. Msichana anayeota mabawa darasani katikati ya mtihani, na kijana wa dawati la nyuma ambaye peke yake hakushangaa. Miaka miwili sikuwa nimeiona ikitoka kabatini.

“Nimeisoma,” akasema.

“Lini?”

“Jana na leo.”

“Na?”

“Inachapika.”

Neno hilo nilikuwa nimelingoja miaka miwili. Kisha akasukuma karatasi nyingine, fupi, imepigwa chapa vizuri, yenye nafasi ya sahihi yangu.

Ilisema hivi: *Mimi, msomaji prufu, naomba radhi kwa Bibi wetu na kwa wasomaji wote. Mwenzangu, ambaye macho na masikio yake yamechoka kwa umri, aliandika maneno yasiyokuwepo. Nami, kwa uzembe, sikumkagua. Katika chapa mpya msichana atapiga magoti kama mwandishi alivyokusudia.*

“Utaisoma Jumamosi,” akasema. “Jumatatu hadithi yako inaingia mtamboni.”

“Na Mzee?”

“Mzee anapumzika. Umri wake ni wa kupumzika.”

“Sahihi yako iko chini ya wino mwekundu, bosi.”

“Ukurasa ule hauonekani tangu jana. Unayajua makabati yetu.”

Nitaungama sasa, maana ndiyo kazi ya safu hii. Niliichukua ile karatasi. Sikuichana, sikumtupia usoni, sikusema neno la kukumbukwa. Niliikunja mara nne nikaitia kwenye pochi, na njiani kwenda nyumbani nilikuwa nachagua rangi ya jalada la kitabu changu. Nilifika mlangoni nikiwa nimekubaliana na zambarau.

Mama yangu ni mshonaji, na huongea akiwa na pini mdomoni. Nilimsomea karatasi ile wakati anapinda pindo la sketi ya mteja.

“Si mbaya,” akasema kupitia pini. “Soma tu, mwanangu. Dakika moja. Ukimaliza, umemaliza.”

Nikabaki nimesimama. Maneno hayo hayo, pini zile zile, meza ile ile. Nilikuwa nimeyasikia miaka miwili iliyopita.

Hili sijawahi kuliandika. Wiki zote hizi nimekuwa nikilizunguka, kama mtu anayefagia chumba na kuruka kona moja.

Nina dada. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Shemeji aliposafiri kikazi alimwachia funguo zote za nyumba kwenye kamba moja, na akamwambia lile sanduku la chuma chini ya kitanda usiliguse. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwenye kamba ile ile. Dada alilifungua. Ndani akakuta cheti cha ndoa chenye jina la shemeji na jina la mwanamke mwingine, na picha za watoto wawili wenye pua ya shemeji.

Kikakaliwa kikao cha ukoo. Wajomba, mashemeji, shangazi mwenye sauti. Kiliendelea asubuhi nzima, na mwishowe kosa likapatikana. Kosa lilikuwa kufungua.

Dada akatakiwa aombe radhi kwa maandishi. Mama akasema dada hana maneno, mdogo wake ametoka chuoni, amwandikie. Dakika moja. Ukimaliza, umemaliza.

Nikaandika. Diploma yangu ilikuwa bado inanukia wino, na niliandika ukurasa mzima usio na kosa hata moja la tahajia. *Mimi mkeo nakiri kufungua nisichoruhusiwa.* Shemeji aliisifu. Alisema barua imepangika. Dada aliisoma amepiga magoti juu ya zulia, na mimi nilikuwa nyuma yake nikimfuata kimoyomoyo: koma, nukta, aya mpya.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya uandishi. Hiyo, na si ya msichana wa mabawa.

Alasiri hiyo hiyo simu ya Mama ikaita. Ilikuwa dada, na alinitaka mimi.

“Nimemaliza kitabu,” akasema. Hakusalimia. Simu yake ni ya shemeji, na salamu huchukua muda.

“Cha jini?”

“Cha jini. Mwishoni anauliza, uliniachia ufunguo wa nini.”

“Eeh.”

“Hilo swali ni langu.”

Nikaegemea meza ya Mama.

“Nililiuliza hapo hapo kwa Mama, nimekushikia karatasi isipeperushwe na feni. Kwenye barua hukuliweka.”

“Sikuliweka.”

“Umekuja kumpa msichana wa jini.”

Mashine ya Mama ilikuwa imesimama. Nadhani hata pini alizitoa mdomoni.

“Dada—”

“Gazetini wameandika Jumamosi mna mkutano. Ni saa ngapi?”

“Saa nne asubuhi.”

Akakata.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Wasichana walikuwa wamejitungia sare yao wenyewe: kila mmoja amevaa shingoni kamba yenye funguo saba. Za makabati, za baiskeli, za kufuli zilizokufa zamani. Wakisogea, ukumbi mzima unalia kama droo ya vijiko.

Msichana wa mstari wa mbele akanivuta mkono nikipita.

“Dada, ni kweli kwenye chapa mpya anapiga magoti?”

“Nani kakuambia?”

“Yule mjomba mwenye tai.” Alimwonyesha Bwana Chapa kwa kidevu. “Kwa kosa gani?”

“Kwa kufungua.”

Akafikiri. “Si alipewa ufunguo?”

Nikaenda kukaa.

Bwana Chapa alikuwa amepanga kila kitu. Hadithi yangu aliileta, akaiweka kwenye kiti cha mbele, doa la kikombe juu, ili niione nikisimama. Akampa Mzee Nukta nakala ya karatasi yangu ya radhi na kiti kando ya meza ya msemaji.

“Mfuate neno kwa neno,” akamwambia. “Akiongeza kitu, kohoa.”

“Kifua changu kikavu siku hizi,” akasema Mzee, na akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, kwa mazoea tu.

Bibi Majini alikaa katikati ya mstari wa mbele, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kusubiri majibu ya kipimo.

Nikaitwa. Nikasimama mbele ya maiki. Na hapo nikamwona, nyuma kabisa, mlangoni. Dada. Amesimama ingawa viti vilikuwepo. Mkononi ana begi la safari, zipu haikufunga vizuri, na mkono wa gauni lake la kijani umechungulia nje. Nililijua gauni lile. Ni la siku ya kwenda kwenye nyumba ya shemeji, na sasa lilikuwa linatoka.

Nikafungua karatasi.

“Mimi, koma, msomaji prufu, koma, naomba—”

Wasichana wakacheka. Nilikuwa nasoma na alama. Sikujirekebisha.

“Mimi, koma, msomaji prufu, koma, nimekuja kusema, nukta. Mwenzangu, koma, ambaye macho na masikio yake—”

Macho yangu yalikuwa juu ya neno *yamechoka*. Mdomo ukagoma, ule ule, pale pale.

“—ni mazima, nukta. Alisikia kila nilichosoma, akakiandika kama nilivyosoma. Ni mimi niliyesoma kisichokuwepo. Mistari kumi na tisa, kwa makusudi, mchana kweupe. Mwenye kutia sahihi akatia sahihi bila kusoma. Na lile swali la ufunguo mnalolipenda si la Bibi wala si langu. Ni la mtu niliyewahi kumwandikia maneno mengine yote isipokuwa hilo.”

Hakuna aliyekohoa. Kandoni mwangu nilisikia kalamu ikikwaruza.

Bwana Chapa alikuwa ameshasimama. “Hayo hayapo kwenye karatasi.”

“Yapo,” akasema Mzee Nukta, na akainua nakala yake. Ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini. “Nimeyasahihisha.”

Funguo zikalia ukumbi mzima. Bwana Chapa akaichukua hadithi yangu kutoka kwenye kiti, akaitia kwapani, akaelekea mlango wa pembeni. Nakala nyingine ninayo. Mtambo sina. Nilimtazama mpaka zambarau yangu ikapotea nje.

Ndipo Bibi Majini akainuka. Alikuja mbele polepole, na kimya kikaja naye. Hakuchukua maiki. Hakuihitaji.

“Angalau umesema,” akaniambia. “Sasa unisikilize. Mtu akija akaniambia, Bibi, mwisho wako mbaya, namkaribisha kiti. Wewe hukuja. Ulinivizia.”

“Ni kweli.”

“Nimeusoma mwisho wako mara tano. Ni mzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mbaya ningekusamehe tangu siku ile. Lakini jina lililo juu ya jalada ni la nani?”

“Lako, Bibi.”

“Na kitabu?”

“Chako.”

“Vizuri. Basi tusikilizane mbele ya hawa.” Akawageukia wasichana, kisha akanirudia. “Mwisho wako nitauacha kama ulivyo. Msichana atabaki amesimama, chapa hii na zote zijazo. Mzee huyu atastaafu kwa heshima yake, nitalisimamia mwenyewe. Na kitabu cha saba nitakileta kwenu.”

Msichana wa mstari wa mbele alianza kupiga makofi, akaona hapigi mwingine, akaacha.

“Ninachotaka ni kidogo,” akasema Bibi. Kidole chake kikaonyesha sakafu, mbele ya viatu vyake. “Shuka hapa, kama mjukuu kwa bibi yake. Piga magoti, uniombe radhi. Dakika moja.”

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Niwaambie ukweli: sikumchukia. Alikuwa na haki yake, na aliidai kwa upole kuliko nilivyomwibia. Na hesabu ilikuwa rahisi, mtoto wa darasa la pili angeipata. Mimi chini mara moja, na msichana wa kitabuni juu siku zote. Mimi chini, na mzee anatoka kazini kichwa juu.

Nikamtazama Mzee Nukta. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alikuwa ameinamia karatasi yake na kalamu imesimama juu ya mstari, kama siku zote ng'ambo ya ubao, akingoja nitakachosoma.

Nikatazama mlangoni. Dada alikuwa hapo hapo. Begi alikuwa ameliweka chini. Na nyuma yake, kwenye ngazi za nje, shemeji alikuwa anapanda mbili mbili, na alikuwa amekunja mikono ya shati.

Dada hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na magoti yangu.

Nikaivuta maiki karibu ili asikie hadi nyuma.

“Kitabu ni chako, Bibi,” nikasema. “Mdomo ni wangu. Siombi radhi, nukta.”